Injini Nzima, Dola Hakuna

Tarehe 10 Agosti 1907 mwanajeshi wa Kijerumani, Paul Graetz, aliwasha gari lake Dar es Salaam akashika njia ya magharibi. Alikusudia kulivuka bara zima mpaka bahari ya upande wa pili. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909, siku 630 baadaye. Mpagazi wa Bagamoyo aliyezoea safari ya Ujiji angecheka, maana kwa muda huo yeye angekwenda na kurudi kwa miguu, na mzigo kichwani.

Gari lile lilitengenezwa kwa makusudi na kiwanda cha Gaggenau, Ujerumani. Lilinyanyuliwa juu ya ardhi kuliko kawaida, likapewa magurudumu makubwa na nafasi ya kubebea mafuta ya ziada. Lilikuwa gari la mtu mmoja kwa safari moja. Graetz akiwa bado porini, Oktoba 1908, kampuni ya Ford ya Detroit ilianza kuuza Model T: silinda 4, nguvu za farasi 20, na tumbo lililo juu kiasi cha kupita juu ya visiki. Alichokiagiza Mjerumani kwa oda maalumu, Mmarekani alikiweka dukani kwa kila mwenye fedha. Mpaka uzalishaji wake unakoma mwaka 1927, Model T zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimetoka kiwandani, na mwaka 1925 ile ya bei ya chini kabisa iliuzwa Marekani kwa dola 260.

Dola hizo tuziweke akilini. Katika historia ya gari la Kimarekani kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki, si barabara iliyolimaliza, wala si fundi aliyelikatia tamaa. Kila lilipouzwa, lilipoegeshwa au lilipokatwa vipande, ukichunguza chanzo utakuta bei ya dola.

Vitu vya Marekani havikuwa vigeni hapa. Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na miaka minne baadaye konseli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alikuwa amefungua ofisi Unguja. Nguo ya merikani iliyofumwa Massachusetts ilifungwa mitumba, ikavushwa kwa majahazi hadi Bagamoyo, ikapandishwa mabegani mpaka Tabora na Ujiji. Mafuta ya taa yalifuata katika madebe ya galoni nne, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao, na madebe hayo yakaishi maisha mengine kama ndoo, paa na kipimo cha mahindi. Hata treni ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905 kutoka mjini Unguja, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani. Basi gari lilipokuja, lilikuta jina la Marekani limekwisha kuzoeleka madukani.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyolileta kwa wingi. Mwaka 1916 Waingereza walipowafukuza Wajerumani kuelekea kusini, mbung'o aliwamaliza farasi na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu, na magari madogo ya Ford yakapewa kazi ya kubeba risasi, unga na majeruhi. Bagamoyo ilitekwa kutoka baharini tarehe 15 Agosti mwaka huo, na Dar es Salaam ikasalimu amri tarehe 4 Septemba. Tusidanganyane, lakini: mzigo mkubwa wa vita hivyo ulibebwa na vichwa vya wapagazi, mamia ya maelfu yao, na wengi hawakurudi makwao. Mvua ikinyesha lori lilikwama, mtu akaendelea. Ila maofisa waliona jambo moja ambalo hawakulisahau vita vilipokwisha. Ford ndogo ikizama kwenye tope, watu kadhaa waliweza kuinyanyua wakaitua pakavu. Lori zito la Kiingereza lilibaki pale pale likisubiri jua.

Kilichofuata ni cha ajabu kidogo. Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Mwingereza tangu vita hivyo, Kenya na Uganda pia, na Zanzibar chini ya ulinzi wake. Ungetegemea barabara zijae magari ya Uingereza. Haikuwa hivyo, kwa sababu mbili ambazo hazikutoka Afrika kabisa.

Ya kwanza ilikuwa kodi. Kuanzia mwaka 1921 mwenye gari Uingereza alitozwa pauni 1 kwa kila nguvu ya farasi, na nguvu hiyo ilikokotolewa kwa upana na idadi ya silinda peke yake. Wahandisi wa Kiingereza wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya, wakatengeneza injini za silinda nyembamba ili wateja wao walipe kodi ndogo. Gari la aina hiyo lilienda vizuri kwenye lami ya London. Lilipoletwa huku liligusa chini kwa tumbo, na katika mchanga injini ililia bila kwenda. Mmarekani hakuwa na kodi ya namna hiyo. Mteja wake alikuwa mkulima mwenye shamba kubwa na njia mbovu, kwa hiyo gari lake lilikuwa na injini nene, ekseli pana na kimo cha kutosha. Mkulima wa Kansas na mfanyabiashara wa kopra wa Bagamoyo, bila kujuana, walikuwa na shida moja ya barabara.

Sababu ya pili ilikuwa mkataba. Afrika Mashariki ilihesabiwa kuwa ndani ya lile eneo la biashara huria lililochorwa katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na mkataba huo ulimzuia Mwingereza kupendelea bidhaa za himaya yake kwa ushuru nafuu. Bidhaa za Japani, za Marekani na za Birmingham zilisimama forodhani sawa kwa sawa. Kwingineko katika himaya Chevrolet ilibanwa kwa ushuru. Mombasa na Dar es Salaam ilishuka kama wenzake. Na kwa kuwa huku magari hupita kushoto, viwanda vya Kimarekani vilivyokuwa Kanada vilitoa magari yenye usukani wa kulia kwa ajili ya masoko haya.

Ndiyo maana picha za miaka ya 1920 na 1930 zimejaa Ford, Chevrolet, Buick na Hudson zilizovuliwa bodi ya kiwandani na kuvishwa boksi la mbao nyuma. Seremala wa mjini alilipima gari kama anavyopima mlango, akapiga boksi la kubebea magunia, mahema au nyama ya porini. Wapiga picha za sinema Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliokaa Marsabit katikati ya miaka ya 1920, walikuja na Willys-Knight zao wenyewe.

Dereva wa Model T hakujifunza siku moja. Gari lilikuwa na kanyagio tatu, na mafuta hayakuongezwa kwa mguu bali kwa kijiti chini ya usukani. Kijiti cha pili, cha upande wa kushoto, kiliwahisha au kuchelewesha cheche. Kabla ya kupiga hendeli, dereva alikisogeza cheche ichelewe, akavuta breki ya mkono, akaenda mbele ya gari. Hapo palikuwa na adabu yake: unashika hendeli kwa vidole vyote upande mmoja, kidole gumba hakizungushwi, kisha unaivuta kwenda juu. Unaivuta. Huisukumi chini. Cheche ikiwahi, injini hurusha hendeli nyuma kwa nguvu, na aliyeisukuma chini au aliyezungusha gumba alivunjika mkono. Utingo wengi walijifunza somo hilo kwa maumivu.

Petroli ilikaa kwenye tangi chini ya kiti cha dereva, ikiteremka yenyewe kwenda kwenye kabureta bila pampu. Katika mlima mkali tangi lilipokuwa na mafuta kidogo, injini ilikaa juu kuliko tangi na mafuta yakakataa kufika. Dawa yake ilijulikana popote Model T ilipokwenda, Usambara au Colorado: geuza gari, upande kinyumenyume. Gia ya nyuma ilikuwa na nguvu kuliko ya mbele, na tangi sasa lilikuwa juu ya injini. Abiria walipanda milima wakitazama walikotoka.

Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam haina milima ya kutisha. Ina maji. Atokaye Bagamoyo kwenda ndani hukutana kwanza na bonde la Ruvu, ambalo wasafiri wa misafara waliliita Kingani, na ng'ambo yake kuna Makurunge, halafu mbuga na vichaka vinavyokwenda mpaka Wami na Saadani. Kiangazi njia ni vumbi tupu. Masika udongo mweusi wa bondeni unanata kwenye magurudumu mpaka yanakuwa mapana mara mbili, kisha hayazunguki tena. Wajerumani walihamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, wakaanzia reli ya kati huko huko mwaka 1905, na ilipofika Kigoma mwaka 1914 Bagamoyo ilikuwa imepitwa. Mji ulioanzisha safari zote ukabaki bila reli, bila bandari ya kina kirefu, na kwa muda mrefu sana bila barabara ya uhakika. Mahali kama hapo gari lenye kimo halikuwa anasa. Lilikuwa ndilo gari lenyewe.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili, na baada yake dola ikaadimika.

Uingereza ilitoka vitani ikiwa na deni zito kwa Marekani. Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya eneo la pauni, kwa hiyo kila dola iliyotumika Mombasa au Dar es Salaam ilikuwa dola iliyotoka katika mkoba mmoja uliotunzwa London. Mwaka 1947 mkoba huo ulikaribia kukauka, na leseni za kuagiza bidhaa za dola zikabanwa. Septemba 1949 pauni ilishushwa thamani kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Tuchukue gari la dola 2,000. Kwa shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni, Jumamosi lilikuwa na thamani ya shilingi 9,925. Jumatatu lilikuwa shilingi 14,285, bila nati moja kuongezwa.

Wakati huo huo Mwingereza alikuwa hatimaye amejifunza. Land Rover ilitoka mwaka 1948, ikalipiwa kwa pauni, na ikawa na kimo. Austin, Vauxhall na Ford za kiwanda cha Dagenham zikaingia kwa wingi. Mfaransa naye alikuja na Peugeot. Aliyekuwa na Chevrolet ya kabla ya vita akajikuta ana mali ambayo haiwezi kubadilishwa na nyingine ya aina yake. Wengine waliuza mapema, gari likiwa bado na soko. Wengine walilishikilia kama mtu anavyoshikilia kiwanja cha urithi.

Vikwazo vya dola vilipolegea kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, magari ya Kimarekani yalirudi, ila yalikuwa yamebadilika tabia. Chevrolet Bel Air ya 1957 ilikuja na mapezi nyuma, nikeli kila mahali, kiti cha mbele kimoja kirefu cha kukaa watu watatu, na gia kwenye shingo ya usukani. Injini ya V8 ilinguruma polepole kama paka mkubwa aliyeshiba. Lilikuwa gari la harusi, la tajiri wa karafuu au mkonge, la balozi. Kwa njia ya Makurunge lilikuwa refu mno nyuma na laini mno springi. Babu yake, yule wa boksi la mbao, angelipita bila kugeuza kichwa.

Wamarekani wenyewe walitaka kuthibitisha vinginevyo. Mwaka 1964 idara ya Lincoln-Mercury ya Ford ilileta kikosi cha Mercury Comet kwenye Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Comet ilikuja na sifa. Miezi michache nyuma, magari manne ya aina hiyo yalikuwa yamekimbizwa kwenye uwanja wa Daytona maili 100,000 kila moja, kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Chini ya boneti kulikuwa na V8 ya lita 4.7.

Tarehe za mashindano zilikuwa nzito. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari, jeshi la Tanganyika liliasi tarehe 20 mwezi huo, na Muungano ukaja tarehe 26 Aprili. Katikati yake ilikuwa Pasaka, na Pasaka ilikuwa Safari. Mvua nayo haikuangalia siasa. Magari 94 yalianza, 21 yakamaliza. Daytona ni duara la lami. Huku gari linaingia kwenye mto likiwa zima na kutoka bila ekseli. Comet mbili tu ndizo zilizofika mwisho, moja ikiendeshwa na Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya aliyejua barabara hizi kuliko kikosi kizima kilichovuka bahari. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes, kwenye Ford pia, lakini Ford Cortina ya Uingereza. Kampuni moja ilijishinda yenyewe kwa gari lake dogo na la bei nafuu.

Mwaka uliofuata Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwenye Volvo PV544. Haikuwa mpya. Kiwanda kilikuwa kimeiingiza kwenye mashindano ya 1964, ikashindwa kumaliza, ikaachwa ikauzwa. Kama kuna aliyefanya biashara nzuri ya gari la mkononi Afrika Mashariki, ni familia hiyo.

Tanzania ilipoanzisha shilingi yake mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7.14. Azimio la Arusha lilikuja mwaka uliofuata, na gari kubwa likaanza kumtia mwenyewe aibu ya kisiasa. Halafu mafuta. Mwishoni mwa 1973 bei ya pipa ilianza kupanda kutoka karibu dola 3, na mwaka mpya ulipoingia ilikuwa karibu dola 12. V8 ya zamani hunywa lita moja kwa kilomita 5 au 6, hesabu ambayo hapo awali hakuna aliyejisumbua kuifanya. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza akiba ya fedha za kigeni. Magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa 8 mchana, na mtu aliyechelewa kurudi kutoka kumwona mama yake Bagamoyo alilala huko huko.

Hizo ndizo siku magari mengi ya Kimarekani yalipokufa, na ni vizuri kusema yalikufaje. Injini ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni gasketi, bushi, mpira wa breki, vitu vya dola chache ambavyo dola zake hazikupatikana. Mafundi walikata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nene, wakachonga bushi kwa mipira ya matairi, wakafunga kabureta za Kijapani. Wengine waling'oa V8 yenyewe wakapachika injini ndogo ya dizeli, na mapezi ya Bel Air yakatembea kwa sauti ya lori. Wapenzi wa magari hulia wakisikia hayo. Hawana haki ya kulia: ndiyo njia pekee iliyoyaacha baadhi yakitembea.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, kilichoingia kilikuwa Toyota. Gari la mkononi kutoka Japani lilikuja na usukani wa kulia tayari, na spea zake zikajaa Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam. Dola nayo haikurudi nyuma: mwaka 2024 ilikuwa karibu shilingi 2,600. Kifaa cha dola 50 kilichokuwa shilingi 357 mwaka 1966 kilikuwa shilingi 130,000 mwaka huo wa 2024, kabla ya nauli na ushuru. Kuleta gari zima la zamani ni kazi nyingine. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8 kuingia, na Tanzania hulitoza ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo yaliyopo ni yale yale yaliyobaki. Mwaka 2017 General Motors yenyewe iliuza hisa zake za asilimia 57.7 katika kampuni yake ya Nairobi kwa Isuzu, na kampuni ikabadili jina. Leo njia ya Bagamoyo hadi Msata ni lami, kule Makurunge ambako zamani kulikuwa na ranchi ya RAZABA ya Serikali ya Zanzibar kuna miwa na kiwanda cha sukari cha Bakhresa, na malori yanayopita hayana haja ya kuwa ya Kimarekani.

Anayeamua kuuza gari la aina hii siku hizi hukutana na wanunuzi wa namna mbili. Wa kwanza anakuja na dalali, anapiga bodi kwa vidole kusikia kama ni bati au ni putii, na hesabu yake ni ya vyuma chakavu. Wa pili anafungua boneti kwanza, anatafuta namba ya injini, ananyamaza kwa muda mrefu, halafu anauliza kadi. Huyo ndiye mnunuzi wa kweli, na hapo ndipo shughuli inapokwama. Kadi ina jina la mzee aliyelinunua, naye alifariki zamani. Mamlaka ya Mapato, TRA, haibadilishi umiliki kwa maneno ya watoto. Inataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mahakama nayo inataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kinaitishwa. Shangazi anasema gari lisiuzwe, marehemu alimpeleka nalo hospitali kujifungua. Mtoto wa mwisho anataka liuzwe haraka, yeye hajawahi kulipanda likiwa linatembea. Mkubwa anakumbusha kwamba ndiye aliyekuwa akipeleka pampu ya maji kwa fundi miaka yote hiyo. Mnunuzi ameacha namba ya simu, na bei aliyotaja ni ya dola.